Mwanafunzi wa Sanaa na Udongo wa Giheta

Katika nyumba nyingi za askari na polisi yumo mtoto apendaye kuchora. Baba arudipo kutoka zamu humkuta mezani, karatasi nyeupe mbele yake, penseli mdomoni, na kazi aliyopewa na mwalimu haijaanza. Akiulizwa, husema hana wazo. Baba hudhani ni uvivu. Mama hudhani ni njaa. Hatimaye kijana huchukua simu, akatafuta picha ya simba iliyochorwa na mtu wa mbali asiyemjua, akainakili mpaka masharubu, na nyumba nzima ikamsifu. Sifa hiyo humponza, kwa maana siku ya mtihani simu huachwa nje ya mlango.

Kijana huyo hakukosa kipaji. Alichokosa ni habari za kitu atakachokitumia, na za watu waliokitumia kabla yake. Habari hizo hutafutwa kwa miguu, na kwa jamaa wanaokaa Gitega haziko mbali. Giheta, iliyo mwendo mfupi tu kutoka mjini, imejulikana tangu zamani kwa kazi za mikono.

Yafaa aanze na udongo, kwa kuwa haununuliwi dukani. Udongo wa mfinyanzi hupatikana katika mabonde yenye majimaji, na wenye kuujua zaidi nchini Burundi ni Watwa, ambao ufinyanzi umekuwa kazi yao kwa vizazi vingi. Mama mfinyanzi hahitaji kipimo cha maabara. Mwanafunzi naye aweza kujaribu: achukue donge, aliviringishe liwe kama kamba ya unene wa kidole, kisha alizungushe kidoleni. Likipasuka, udongo huo haushikamani vya kutosha. Likipinda bila ufa, unafaa. Udongo ulionata kupita kiasi huchanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa, ili chungu kisipasuke kinapokauka. Chungu hukaushwa kivulini polepole. Kikiingia motoni kingali na unyevu, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kukipasua vipande vipande.

Hayo yote huandikwa katika daftari: udongo ulichimbwa wapi, lini, ulichanganywa na nini, ukawa rangi gani ulipotoka motoni. Kurasa kumi za namna hiyo zikijaa, si rahisi mtu aseme tena kwamba hana wazo. Ameona jinsi ufa unavyotembea juu ya udongo mkavu. Ameona doa jeusi lililoachwa na moshi ubavuni mwa chungu. Hizo ni picha tayari.

Kuna jambo moja la adabu. Sufuria na ndoo za plastiki zimewapunguzia wafinyanzi wateja, na wengi wao wamezoea kudharauliwa. Mwanafunzi asifike kwa mama wa watu akampiga picha, akajaza daftari, kisha akaondoka. Aombe ruhusa, asaidie kuchota maji au kukanda, naye aondokapo anunue chungu. Anayepewa elimu ya miaka arobaini kwa asubuhi moja hana haki ya kulalamikia bei.

Kutoka udongo aende kwenye mti. Huko huko Giheta kipo kilima cha Gishora, makao ya ngoma za kifalme tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo. Mzinga wa ngoma huchongwa katika gogo la mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, yaani mti uifanyao ngoma inene. Ngozi ya ng'ombe huwambwa ikiwa mbichi, ikashikwa kwa vigingi vya mti. Ikikauka hujikaza yenyewe. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na pia ya ufalme. Mwaka 2014 UNESCO iliitia ngoma hiyo na ngoma yake ya kuchezwa katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwanafunzi aliyeuliza kwa nini vigingi vimepangwa vile, na kwa nini ukatafutwa mti ule wala si mwingine, atachora ngoma tofauti na ile ya kadi za watalii. Mjini Gitega iko pia Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1955, awezako kuona kazi za waliotangulia.

Njia hii ya kuuliza kwanza ndiyo aliyoipita Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alipokuwa mwanafunzi Uingereza alikwenda Abuja, nchini Nigeria, mwaka 1974, akajifunza kufinyanga kwa mkono kwa wanawake wa huko, miongoni mwao Ladi Kwali. Baadaye alikwenda New Mexico, Marekani, akaona vyungu vyeusi vya Maria Martinez. Hakurudi kunakili chungu cha Ladi Kwali wala cha Maria. Alichukua elimu ya mikono na ya moto, akafinyanga umbo lake mwenyewe. Naye husugua udongo mpaka ung'ae. Chombo hicho hicho hutoka motoni chekundu kipatapo hewa, na cheusi kinyimwapo.

Mzazi asiye na fedha za rangi za madukani asivunjike moyo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima.

Familia ya askari ina faida ambayo raia wengi hawana, nayo ni uhamisho. Baba atokaye Muyinga kuja Gitega aweza kubeba kopo la udongo wa Muyinga, likawekwa kando ya lile la Giheta, na mtoto akajaribu yote mawili katika moto mmoja. Mama naye avumilie kidogo atakapofagia na kukuta makopo ya tope chini ya kitanda, kila moja na karatasi yenye tarehe.