Moshi Milimani, Kitabu Ng'ambo

Juzi nimeletewa orodha ya vitabu vipya vya mchapishaji mmoja wa chuo kikuu cha ng'ambo. Kimo kimoja kinachohusu ardhi na wakulima wa Afrika Mashariki. Jaladani kuna mlima wenye ukungu. Bei, dola 95. Nikapiga hesabu: zaidi ya laki mbili za kwetu. Chumba ninachopanga hapa Morogoro ni elfu hamsini kwa mwezi. Nikafunga orodha.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1960 Northwestern University Press, huko Evanston, Marekani, walitoa kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke kiitwacho Smoke in the Hills, yaani moshi milimani. Milima yenyewe ni hii ninayoiona dirishani, Uluguru. Kinaeleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mpango ulioitwa kwa kifupi ULUS, na jinsi watu walivyokataa. Mwaka 1955, kule Matombo, umati ukakusanyika, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Ulazima wa matuta ukaachwa.

Bibi yangu alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi wakati huo, hukohuko Matombo. Mimi nilikisoma kitabu hicho nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, katika nakala ya fotokopi iliyofifia ambayo mwenzangu naye aliikopa. Yeye hakuwahi kusikia kwamba kipo.

Likizo iliyopita nikapanda gari la Matombo na fotokopi yangu. Nikamsomea, nafasiri aya baada ya aya, naye anachambua mboga. Kwa muda mrefu alisikiliza tu. Kisha akanikatiza.

"Udongo mweusi ulifukiwa chini, mwekundu ukaja juu. Mahindi yakatoka ya njano. Bwana shamba tulimwambia. Na shamba lenyewe ni la ukoo wa mama, wao wanamwita baba yangu kuhesabiwa matuta! Endelea."

Nikaendelea. Tulipofika mwisho wa sura akauliza, "Sasa hicho kitabu kinauzwa wapi, mjukuu wangu?"

Sina ugomvi na Evanston. Wao walichapa kwa ajili ya wasomaji wao, na heri walichapa. Ugomvi wangu ni na sisi. Tangu Uhuru tumepata vyuo vikuu vyetu. Sokoine kipo chini kabisa ya mlima huu tangu 1984, Mzumbe kipo jirani. Kila mwaka wanafunzi kama mimi wanapanda Uluguru na madodoso, wanauliza kwa Kiswahili, wanajibiwa kwa Kiswahili (wazee wengine kwa Kiluguru), wanashuka, wanaandika kwa Kiingereza. Tasnifu inapata jalada gumu na namba ya rafu. Mkulima aliyepoteza asubuhi nzima kujibu maswali hapati hata ukurasa mmoja.

Ukiuliza, utaambiwa hakuna soko la vitabu vya kitaaluma vya Kiswahili. Hoja hiyo imenichosha. Riwaya za Kezilahabi, Nagona na Mzingile, ngumu kama zilivyo, zilitolewa na Dar es Salaam University Press mwaka 1990 na 1991. Nani alikuwa amefanya utafiti wa soko wa vitabu vile? Mtu aliamua tu kwamba chuo kikuu kina wajibu nazo, na leo watu bado wanaziandikia tasnifu. Hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, kazi ya wataalamu wetu wa Mlimani, ilichapwa na Oxford University Press. Mchapishaji wa Waingereza aliona faida katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Sisi tunasema Kiswahili hakiuziki.

Kingine ni alama. Mhadhiri hupanda cheo kwa makala za majarida ya nje, na kijitabu cha wakulima hakimpandishi popote. Simlaumu anayetafuta cheo, ana watoto wa kusomesha. Nawalaumu wanaopanga alama hizo.

Sidai makubwa. Kila utafiti uliofanywa Uluguru utoe kijitabu cha Kiswahili, kurasa sitini zinatosha, karatasi ya kawaida, pini mbili mgongoni. Kipitiwe na wahariri kama kitabu chochote, maana sitaki Kiswahili kiwe kisingizio cha kazi mbovu. Kisha kiuzwe Soko Kuu la Chifu Kingalu, karibu na wauza mbegu, kwa bei ya kilo ya sukari. Mtu anayenunua mbegu za kabichi za kupanda Mgeta, kwenye mteremko, ana haja ya kujua kwa nini matuta ya 1955 yalishindwa kuliko profesa yeyote. Miradi ya hifadhi ya udongo bado inakuja, na fulana zake.

Msimamizi wangu, ambaye ni mtu mwema, ameniambia nimalize kwanza ya Kiingereza, "hayo mengine baadaye." Bibi ana miaka themanini. Nimeanza na sura ya tatu, ile ya udongo. Usiku naandika, Jumamosi nampigia simu namsomea. Wiki hii amenifutia aya mbili.