Sun Jihai: Mkali kweli au alibebwa?

Leo tumjadili beki wa kulia wa Kichina, Sun Jihai, maana ubishi wake haujaisha.

Jamaa ni mtoto wa Dalian. Mwaka 1998 alitua Crystal Palace pamoja na Fan Zhiyi, beki mwenzake wa timu ya taifa. Bahati mbaya klabu ikaishiwa mapene, na baada ya msimu mmoja tu akarudi kwao.

Wewe ungekata tamaa, au siyo? Mwenzio wala. Februari 2002 Kevin Keegan akamvuta Manchester City, na Oktoba mwaka huo huo akawatungua Birmingham. Hilo ndilo bao la kwanza la Mchina katika Ligi Kuu ya England. Januari 1, 2003 City wakakutana na Everton ya Li Tie, sare 2-2, ikadaiwa kule China mamilioni kwa mamilioni walikodolea runinga usiku.

Utata ukaja Oktoba 2015. Makumbusho ya Taifa ya Soka mjini Manchester yakamtangaza miongoni mwa magwiji, kipindi hicho hicho Rais Xi Jinping akiwa ziarani mjini humo! Mashabiki wakacheka hadi basi: eti beki huyu aketi na kina Bobby Charlton?

Mie nasema pale siasa ilinukia waziwazi. Ila msimfanye garasa. Mwaka 2004 goti lilimsaliti, wengi wakajua kwisha kazi, lakini akarudi uwanjani na kudumu City hadi 2008.