Mahaba ya Asiyekufa
Baada ya sala ya Isha, hapa mtaani Bondeni, bibi mmoja hutia udi chetezoni akatuhadithia habari za jini mahaba, ambaye, kwa kauli ya wazee, humpenda mwanadamu hata akamfukuzia kila mchumba ajaye kuposa; nami, nikiuelekea Menengai, mlima ambao jirani zetu Wakikuyu huuita Kirima kia Ngoma, yaani mlima wa mizimu, huikumbuka riwaya ya H. Rider Haggard iitwayo She, ya mwaka 1887, ambamo Ayesha, malkia wa mapangoni katika bara hili letu, amngoja kwa miaka zaidi ya 2,000 arejee duniani mpenzi aliyemwua mwenyewe kwa wivu, na ampatapo, ateketea katika moto ule ule uliompa uhai. Basi astahiliye huruma si yule afaye, bali ni yule abakiye; kwani shauku ya binadamu hukoma kaburini, ilhali asiyekufa huibeba yake dahari zote, mfano wa chetezo kilichozimika makaa nacho chanukia bado. Tusiuhusudu umri usio ukomo: mahaba yana thamani kwa kuwa mauti hayana miadi.