Msaada kwa vijana wakulima uanze na akiba zao

Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na Benki Kuu ya Kongo ikasimamisha shughuli zake mjini humo. Mfanyabiashara wa Birere alilihisi pigo hilo siku ileile. Mkulima wa Rutshuru, Masisi au Nyiragongo alilihisi kwa msimu mzima, kwa sababu Februari na Machi ndiyo miezi ya kupanda msimu wa B. Pesa za mbegu ya maharagwe na viazi, za kukodi shamba na kulipa vibarua, hutakiwa wakati huo na si baadaye. Vyama vya akiba na mikopo, ambavyo huweka sehemu ya pesa za wanachama wao katika benki, navyo vilibanwa. Mwezi Aprili AFC/M23 ilifungua upya CADECO, lakini ofisi moja haiwezi kuziba pengo la mtandao mzima wa benki.

Katika hali kama hiyo, neno linalosikika kila mahali ni msaada. Vijana wa vijijini huahidiwa majembe, mbegu, vifaa vya shule na mafunzo ya siku chache yanayomalizika kwa cheti na picha. Hakuna ubaya katika zawadi, na familia iliyorudi kutoka kambini haiwezi kukataa jembe. Lakini taasisi inayojiita mkopeshaji wa wakulima haiwezi kupimwa kwa zawadi pekee. Swali la kwanza ni kama mwanachama wake anaweza kutoa akiba aliyoiweka. La pili ni kama kijana asiye na hati ya ardhi anaweza kukopa na kupanda kwa wakati.

Majirani wana mifano ya kujifunza. Nchini Kenya, wakfu wa Equity ulianzisha mwaka 2010 mpango wa Wings to Fly, unaowalipia masomo ya sekondari watoto wenye akili kutoka familia maskini. Wakfu wa KCB ulianza mpango wa 2Jiajiri mwaka 2016, unaowapa vijana ufundi na njia ya kujiajiri, kilimo kikiwemo. Nchini Tanzania, CRDB, ambayo jina lake lilitokana na benki ya ushirika na maendeleo vijijini, ilizindua mpango wa Imbeju mwaka 2023 kwa ajili ya vijana na wanawake. Makundi hayo matatu yote yako Kongo leo: Equity BCDC, TMB iliyonunuliwa na KCB mwaka 2022, na CRDB iliyofungua benki Lubumbashi. Kijana wa Kiwanja ana haki ya kuuliza ni lini mipango ya namna hiyo itamfikia, na kwa masharti gani.

Historia ya mikopo ya wakulima yenyewe ilianza na sadaka. Katika njaa ya miaka ya 1846 na 1847, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa kijiji cha Weyerbusch huko Ujerumani, aliwakusanya matajiri ili maskini wapate mkate. Baadaye aliona kwamba chama kinachotegemea huruma ya matajiri hudhoofika huruma hiyo ikipungua. Mwaka 1864, huko Heddesdorf, alianzisha chama cha mikopo ambacho wakulima wenyewe walikuwa wanachama na wadhamini. COOPEC za Goma ni wajukuu wa wazo hilo.

Wala si lazima kwenda Ujerumani. Vikundi vya MUSO, vilivyoenea katika vijiji vya Kivu, hutenganisha pesa katika visanduku. Cha kijani ni cha akiba na mikopo: anayekopa hulipa na riba. Chekundu ni cha kusaidiana: mchango wake haurudishwi, na hutumika kwa ugonjwa, msiba au janga. Cha tatu hupokea pesa zinazotoka nje ya kikundi. Kila mwanachama anajua ni pesa gani ya kurudisha na ni ipi ya kusaidiwa. Taasisi kubwa zikichanganya mambo hayo mawili, mkopo huonekana kama zawadi, walipaji hupungua, na mwishowe anayeumia ni mkulima mwaminifu wa msimu unaofuata.

Wakopeshaji watajibu kwamba kilimo cha Kivu ya Kaskazini kina hatari nyingi. Ni kweli. Mavuno huporwa, barabara hufungwa, vizuizi hutoza kodi, na familia hukimbia kabla ya kuvuna. Chini ya sheria ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya Dola, na vijana wengi hulima mashamba ya kimila au ya kukodi ambayo hayakubaliki kama dhamana. Mkopo wenye marejesho ya kila mwezi huanza kudaiwa wakati maharagwe bado hayajatoa maua.

Hapo ndipo pesa za hisani zingefanya kazi ambayo mkopo hauwezi. Badala ya kuishia kwenye fulana na sherehe, ziwekwe kama mfuko wa dhamana unaofidia sehemu ya hasara pale vita vinapoharibu mavuno. Zigharamie maghala ili kijana asilazimike kuuza magunia yote siku ya mavuno, bei ikiwa chini. Zilipie wataalamu wa kilimo wanaofuatilia msimu wote. Na marejesho yasubiri mavuno.

Dola nayo ina deni lake. Sheria ya kilimo ya Desemba 2011 iliahidi mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo, na tangu Maputo mwaka 2003 nchi za Afrika zimeahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Kinshasa na wanaoishikilia Goma wana mengi ya kugombania, lakini akiba ya mkulima isiwe silaha ya upande wowote. Mazungumzo yoyote ya amani yanayosahau benki na COOPEC yatakuwa yamewasahau watu wanaoulisha mji huu.

Kila taasisi ya mikopo iwaeleze wanachama wake hadharani akiba zao ziko wapi na zitatolewaje, kabla msimu mwingine wa kupanda haujafika. Zawadi zifuate baada ya hapo.