Miradi ya kuku wa kienyeji: Chanjo itangulie lori

Kila mradi wa kuku wa kienyeji unapozinduliwa huku kusini mwa Burundi, mambo huwa yale yale. Lori linafika, mgeni rasmi anahutubia, akina mama wanapiga vigelegele, kila kaya inakabidhiwa majike kadhaa na jogoo. Ripoti inaandikwa kwamba kuku wamegawiwa. Ni nadra kumwona mtu akirudi mwaka unaofuata kuhesabu waliobaki.

Kwa mtazamo wangu, kazi hii inaanzia mwisho. Adui mkubwa wa kuku hawa ni kideri, ambao sisi tuliosoma ukimbizini mkoani Kigoma tuliuzoea kwa jina la mdondo. Ukiingia kijijini unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Tiba hauna, una kinga tu.

Na kinga hiyo si ghali. Chanjo iitwayo I-2, ambayo imetumika sana Tanzania na Msumbiji, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tatizo ni kwamba chupa moja hutosha kuku mamia, na ikishafunguliwa haikai. Mama mwenye kuku wanane ataifanyia nini? Lazima majirani wapatane siku moja, alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, na awepo mchanjaji aliyefunzwa, apite nyumba kwa nyumba akilipwa kidogo kwa kila kuku. Huyo anayelipwa atarudi. Wa kujitolea atakuja mara mbili, ya tatu utaambiwa yuko shambani kwake. Mpango huu ndio ulipaswa kutangulia lori kwa miezi kadhaa, ukianza na kuku wachache ambao watu tayari wanao.

Lori lenyewe nalo lina hatari yake. Kuku hununuliwa masoko mbalimbali, wakajazwa tenga moja, mgonjwa na mzima, wakagawiwa jioni hiyo hiyo kwa sababu fedha za mfadhili zina tarehe ya mwisho. Msaada wa namna hiyo unaweza kuua hata kuku wa jirani ambaye jina lake halikuwemo kwenye orodha.

Wapo wanaosema tulete chotara, Kuroiler wa India au Sasso wa Ufaransa. Siwapingi kabisa, kwani hukua haraka. Lakini hutaka chakula cha ziada, na majike yao kwa kawaida hayaatamii, hivyo mfugaji hurudi kununua vifaranga. Na kideri hakiwachagui.

Nikiwa mwalimu, nayaona haya darasani. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2005, lakini madaftari na sare hazikufutwa. Familia iliyorejea ikakuta shamba lake lina mtu mwingine, kuku ndiye benki yake. Banda likifa Agosti, Septemba shule zinapofunguliwa kuna majina nayaita na hayaitikiwi.

Wafadhili waandike katika mikataba kwamba kitakachohesabiwa ni kuku walio hai baada ya mwaka mmoja. Kuku wapya wakae pembeni wiki mbili, wachanjwe, ndipo wagawiwe. Na majina ya wachanjaji yabandikwe kwenye ofisi ya komini, pamoja na bei ya tone moja.