Sataranji Mbele ya Khalifa



Kila yanapokwisha mashindano ya tajwidi hapa madrasani, hakosi mzazi wa kunung'unika kuwa mtoto wa fulani amependelewa. Nasi hukumbuka mchezo mmoja wa sataranji uliochezwa Iraq zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Tutangulize la sheria, maana mtauliza. Maulamaa wamehitilafiana. Wengi wameuharamisha mchezo huu. Imamu Shafi, ambaye wengi wetu wa pwani twafuata madhehebu yake, aliuona ni makruhu, madamu hamna kamari wala swala haipitwi na wakati wake. Likiingia mojawapo, mjadala umekwisha.

Sasa kisa. Khalifa al-Muktafi, aliyetawala 902 hadi 908, alikuwa na mchezaji kipenzi chake, al-Mawardi (si yule mwanafiqhi mashuhuri, huyo alizaliwa baadaye). Akaletwa Abu Bakr as-Suli, kijana msomi, wapambane mbele yake. Wanahistoria wanatueleza kuwa Khalifa alimshangilia mtu wake waziwazi, hata as-Suli akababaika mwanzoni. Nani asingebabaika? Mwenye nyumba, mwenye hazina na mwenye upanga ni mtu mmoja, naye yuko upande wa pili! Lakini kijana akatulia, akamshinda al-Mawardi ushindi usio na shaka. Hapo Khalifa akageuka. Jina la Mawardi latokana na marashi ya waridi, basi akamwambia marashi yake yamekuwa mkojo.

Wengi hukisimulia kisa hiki kumsifu as-Suli, naye anastahili. Sisi tunamwonea huruma al-Mawardi. Hakuiba, hakudanganya, alishindwa mchezo mmoja tu. Kinywa kilichomshangilia bila haki ndicho kilichomtukana bila haki. Hata as-Suli, aliyekaa na makhalifa miaka mingi, alipoteza nafasi yake alipofariki ar-Radi mwaka 940, akafia Basra mbali na fahari ile.

Enyi wazazi, mtoto anayepigiwa vigelegele hata anapokosea makhraji amekaa kiti cha al-Mawardi. Siku akishindwa, ataambiwa nini njiani kurudi nyumbani? Tunapendekeza mashindano yajayo wazazi wote wakae nyuma, kimya, mpaka msomaji wa mwisho amalize. Na takbira ikitolewa, itolewe kwa wote waliosoma.