Mtoto aliyefunga kila kitu isipokuwa virago

Wiki mbili zilizopita nilimwambia mtoto neno ambalo nimelisikia tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kulifikiria. Ana miaka 9. Ni mtoto wa mdogo wangu aliyetangulia mbele ya haki, na tunaye hapa Mtendeni tangu mwaka juzi. Siku hiyo alikuwa amepoteza hela ya mboga, halafu akadanganya kwamba dukani hawakuwa na chenji. Mimi nimetoka kazini nimechoka. Nikamwambia, "Ukiendelea hivi utafungasha virago vyako urudi kijijini."

Nikaenda zangu jikoni. Tukala, tukalala.

Saa kumi na moja alfajiri nilipoamka nikamkuta amekaa kwenye kochi gizani, amevaa sare za shule, kiroba kidogo kiko miguuni. Ndani mlikuwa na magauni mawili, madaftari, kandambili na picha ya mama yake. Akaniambia, "Mama mkubwa, nimeshafunga. Ila virago sivijui, kwa hiyo sijaviweka."

Mzazi mwenzangu, sikuwa na la kumjibu. Kwanza kwa aibu. Pili kwa sababu hata mimi virago nilikuwa sivijui. Nimesoma, nina kazi, nimeshasikia timu ngapi zikifungashwa virago kwenye taarifa za michezo, lakini ungeniambia nikuoneshe kirago kimoja nisingeweza.

Jumamosi tulikwenda wote wawili kwa mama yangu. Yeye hakufikiri hata kidogo. "Kirago ni mkeka," alisema. "Mkeka wa kulalia safarini. Babu yangu alikuwa nao."

Babu yake mama alikuwa mpagazi. Hapa Tabora ukichimba kidogo katika ukoo wowote wa zamani utamkuta mpagazi, maana mji wenyewe ulikua kwa ajili ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliweka makao yao hapa Unyanyembe, na mitende ambayo mtaa wetu umebeba jina lake ni kumbukumbu ya watu wa aina hiyo. Wazungu Burton na Speke walipokuja mwaka 1857 walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani kufika hapa. Livingstone naye, pale Kwihara, alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi wafike ndipo aweze kuondoka. Bila wapagazi hakuna aliyekwenda popote.

Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, za pembe za ndovu wakati wa kwenda pwani na za nguo, shanga na nyaya wakati wa kurudi. Huo ulikuwa mzigo wa tajiri. Juu yake mpagazi alikuwa na vitu vyake mwenyewe: mkeka wa majani au matete, chungu, chakula kidogo. Wapo waliosafiri na wake zao na watoto, na hapo mama ndiye aliyebeba chungu na mikeka, mtoto mgongoni. Ndiyo maana mtu akisema virago hakumaanisha mikeka tu. Neno lilikwenda mbele likabeba vyombo vyote vya msafiri.

Alfajiri kiongozi wa msafara alipiga ngoma au pembe, kelele za safari zikaanza, na kila mtu akakunja mkeka wake na kuufunga kwa kamba. Huko ndiko kufungasha virago. Haikuwa adhabu. Kambi nzima ilifungasha, wakubwa kwa wadogo, na kila mtu alifunga vya kwake kwa mkono wake. Mama alieleza jambo ambalo mimi nisingelifikia: aliyeogopwa kambini hakuwa anayefunga. Alikuwa yule asiyeweza kufunga. Ndui iliua watu wengi katika njia hiyo, na mgonjwa aliyeshindwa kuinuka wakati wengine wanakaza kamba aliweza kuachwa pale pale chini ya mti.

(Nisiipambe njia hiyo kupita kiasi. Wapo waliopita hapa Tabora na minyororo shingoni, na hao hawakufunga wala kufungua kitu kwa hiari yao.)

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi wa masafa marefu ikaanza kufa. Mkeka ukabaki nyumbani, neno likaendelea na safari peke yake. Leo mwenye nyumba humwambia mpangaji afungashe virago. Bosi humwambia mfanyakazi. Mume humwambia mke, na barua za kina mama wanaotuandikia zina neno hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Gazeti nalo, hili letu likiwemo, huandika timu imefungashwa virago, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeikunjia mikeka.

Waingereza wana msemo unaofanana na wetu. Mtu akifukuzwa kazi husema amepewa gunia. Maelezo ya kawaida ni kwamba fundi wa zamani alikuja kazini na vifaa vyake kwenye mfuko, mwajiri akautunza, na siku ya kumfukuza akamrudishia. Wafaransa walikuwa na msemo wa namna hiyo tangu karne ya 17. Lakini angalia tofauti. Gunia la Mwingereza, kwa maelezo hayo, lilikuwa la mtu mmoja anayetolewa tangu mwanzo. Virago vyetu vilikuwa vya watu wanaokwenda pamoja, na ni sisi tuliovigeuza kuwa vya mtu mmoja anayesimama mlangoni.

Na mtoto wa ndugu, mzazi mwenzangu, husikia neno hilo tofauti na mtoto uliyemzaa. Wangu wa kumzaa nimewaambia hivyo hivyo mara ishirini wakacheka, kwa sababu wanajua hawana pa kwenda na mimi sina pa kuwapeleka. Huyu anajua kwamba watu huondoka kweli. Aliwahi kufungiwa vitu vyake mara moja, siku ya arobaini ya mama yake, na ni mimi niliyevifunga. Sikuliona hilo nilipokuwa natafuta neno la kumtisha. Kosa lake lilikuwa hela na uongo. Ningemkanya kwa hela na uongo.

Mama alipomaliza hadithi, mtoto alimwuliza, "Bibi, kwa hiyo mtu akifungasha, wote wanafungasha?"

"Wote. Asiyeweza anasaidiwa, kama ana ndugu wa kweli."

"Na mama mkubwa?"

Mama akanitazama mimi, hakumjibu yeye. Nikamwambia mwenyewe kwamba nilikosea, kwamba hapa ndipo kwao, na kwamba siku nyumba hii ikihama atanisaidia kufunga vyombo maana mimi kamba zangu huwa zinalegea. Aliniangalia muda mrefu. Mtoto wa miaka 9 akikuangalia hivyo unajua anapima.

Tuliporudi alikitoa kiroba chini ya kitanda. Kumbe siku zote hizo hakuwa amekifungua. Magauni ameyarudisha kabatini, na ile picha ameniomba msumari. Tumeigongelea sebuleni, juu ya kochi.

Hela ya mboga ilikuwa shilingi 2,000. Anaikata kidogo kidogo kwa kuosha vyombo.